Kusoma Picha ya Kiwiko cha Mtoto

Ndugu mwuguzi, wakati wa maembe hapa Bunia unajua wagonjwa watakaoletwa. Mtoto wa miaka 5, 6 au 7 amepanda mti, ameanguka, amejikinga kwa kiganja huku mkono umenyoshwa. Mfupa wa juu wa mkono huvunjika karibu na kiwiko, maana hapo ni mwembamba sana, kama ukuta kati ya vishimo viwili. Picha ya radio hupigwa, ndipo daktari huuliza: ni daraja gani?

Madaraja hayo yalipangwa na daktari Gartland wa Marekani mwaka 1959. La kwanza, mfupa umepasuka lakini haukuhama. La pili, umepinda kwenda nyuma, ila ganda la nyuma bado limeshika. La tatu, vipande vimeachana kabisa. Matunzo hufuata daraja: wa kwanza hufungwa plasta kwa majuma matatu hivi, wa tatu huhitaji upasuaji.

Je, namba hiyo yaaminika? Waganga wa nchi mbalimbali wamejaribiwa. Walipewa picha zile zile, kila mtu asome peke yake, kisha baada ya majuma kadhaa azisome tena. Juu ya daraja la tatu hupatana vizuri. Kati ya la kwanza na la pili hutofautiana, na wengine hutofautiana hata na jibu lao wenyewe. Si uvivu. Mtoto analia, mkono haugeuki, picha ya ubavuni hutoka mshazari. Tena sehemu kubwa ya kiwiko cha mtoto ni gegedu, nayo haionekani katika picha. Vituo vya mfupa hutokea kimoja kimoja, cha kwanza karibu na mwaka 1, cha mwisho miaka 11 au 12. Asiyevijua atadhani ni vipande vilivyovunjika.

Basi kwanza upate picha mbili nzuri, ya mbele na ya ubavuni. Katika ile ya ubavuni weka rula mbele ya mfupa wa juu, uchore mstari kwenda chini. Upite katikati ya kile kitufe cha mviringo. Ukipita mbele yake, mfupa umerudi nyuma, wala si daraja la kwanza. (Kwa mtoto chini ya miaka 4 mstari waweza kupita sehemu ya mbele ya kitufe, usishtuke.) Ukiwa na mashaka, mwonyeshe mwenzako picha, lakini usimtajie namba yako.

Namba haisemi lolote juu ya damu. Kabla ya plasta na baada yake, tazama rangi na joto la vidole, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, mwambie mtoto afanye duara kwa kidole gumba na cha shahada. Ukinyosha vidole naye akalia zaidi, hata kama umeandika daraja la kwanza, pasua plasta na bandeji zote mpaka ngozi ionekane, unyoshe kiwiko kidogo, umwite daktari usiku huo huo. Misuli ikikosa damu kwa saa chache hufa, na vidole hubaki vimepinda. Volkmann wa Ujerumani alieleza hayo mwaka 1881. Na mama akimleta mtoto amefungwa vijiti kwa kukazwa huko kijijini, usimkaripie. Fungua kwanza.

Aliye wa daraja la kwanza arudi baada ya juma moja kwa picha mpya. Mwandikie mama siku hiyo katika karatasi. Mfupa wa mtoto hushikana upesi, na ukingoja juma la tatu utauona umekwisha kushikana ukiwa umepinda.