Neva za Figo na Mshtuko wa Sepsisi: Kondoo Wanatufunza Nini?



Majuzi alikuja katika kliniki yangu mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa mjini. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na swali lililomnyima usingizi.

Ndugu yake mdogo, mwanamume wa miaka 38 aliyekuwa na ugonjwa wa kisukari, alidungwa na msumari mguuni. Kidonda kikafura. Kwa siku nne alimeza vidonge vya maumivu alivyonunua dukani. Siku ya tano alikuwa akiweweseka, akihema mbiombio, na hakuwa amepata haja ndogo tangu jana yake. Alifikishwa hospitalini, akapewa dawa na maji ya mshipani, lakini figo zikagoma. Alifariki siku ya tatu.

Sasa mwalimu alikuwa amesikia kwamba huko ng'ambo madaktari huchoma neva za figo, na kwamba wanyama wenye sepsisi wamefanyiwa jambo hilo katika utafiti. "Daktari," akaniuliza, "tungempeleka huko, si angepona?"

Swali hilo linastahili jibu kamili. Tulichukue hatua kwa hatua.

SEPSISI NI NINI?

Watu wengi husema "damu imeingiwa na sumu". Usemi huo una ukweli kiasi, lakini haumalizi habari. Viini vya ugonjwa vinapoingia mwilini kupitia kidonda, mapafu, njia ya mkojo au tumbo la uzazi, mwili hujihami. Kwa kawaida ulinzi huo hutosha. Katika sepsisi ulinzi hupita kiasi na kuanza kuumiza viungo vya mwili wenyewe. Ni sawa na mtu anayechoma nyumba yake ili kuua kunguni.

Hali ikizidi, mishipa ya damu hulegea na msukumo wa damu hushuka. Ukishuka hata baada ya mgonjwa kupewa maji ya kutosha, hata ikabidi atiwe dawa ya kukaza mishipa, hapo tunasema amepata mshtuko wa sepsisi.

Si jambo dogo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na vifo vilivyohusiana nayo vilikuwa milioni 11. Mzigo mkubwa zaidi uliangukia nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema.

NEVA ZA FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Kila figo ina ukubwa wa ngumi. Ingawa ni ndogo, figo zote mbili hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mshipa mkubwa unaopeleka damu hiyo umezungukwa na neva nyembamba kama nyuzi. Neva hizo hubeba amri kutoka kwenye ubongo, na amri zake ni tatu: kwanza, mishipa ya figo ikaze, pili, figo itoe kemikali iitwayo renini, ambayo huanzisha mfululizo wa kupandisha msukumo wa damu, tatu, figo izuie chumvi na maji yasipotee kwenye mkojo.

Zote ni amri za hatari. Mtu akivuja damu au akikosa maji, neva hizo humwokoa.

Mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, aliona mwaka 1859 kwamba ukikata neva inayoelekea kwenye figo ya mnyama, mkojo wa upande huo huongezeka. Amri ya kuzuia maji imekatika.

KUCHOMA NEVA KULIANZAJE?

Hapa ndipo mwalimu wetu alipochanganya mambo mawili. Kuchoma neva za figo kulibuniwa kwa ajili ya watu wenye msukumo wa damu ulio juu na usiosikia dawa. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye mshipa wa figo, kisha kwa joto huunguza neva zilizouzunguka.

Matokeo ya kwanza, yaliyoongozwa na madaktari wa Melbourne, Australia, yalichapishwa mwaka 2009, na dunia nzima ikashangilia. Lakini mwaka 2014 ukaja utafiti mkubwa Marekani wa wagonjwa 535. Baadhi yao walilazwa na kuchunguzwa mishipa ya figo tu, bila kuchomwa, na wenyewe hawakuambiwa. Baada ya miezi sita, msukumo wa damu ulikuwa umeshuka kwa makundi yote mawili, na tofauti haikuwa ya kutegemewa. Vifaa viliboreshwa, utafiti ukarudiwa, na safari hii nafuu ya kiasi ikaonekana. Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya kazi hiyo.

Msomaji makini atauliza: ikiwa kazi ya kuchoma neva ni kushusha msukumo wa damu, kuna maana gani kumfanyia mgonjwa wa mshtuko, ambaye wake umeshashuka?

Ni swali zuri. Wazo la watafiti lilikuwa hili: katika sepsisi mwili hupiga kengele ya hatari bila kukoma. Huenda kengele hiyo inakaza mishipa ya figo kupita kiasi na kuinyima hewa safi. Huenda pia mishipa ya mwili mzima, kwa kupigiwa kelele mfululizo, inaacha kuitikia. Je, tukiikata waya wa kengele upande wa figo, figo zitapona? Na upande wa pili: je, tukiikata, hatutamwondolea mgonjwa kinga yake ya mwisho? Njia pekee ya kuanza kujibu ilikuwa wanyama.

KONDOO WA MELBOURNE

Huko Melbourne watafiti wametumia kondoo kwa miaka mingi. Kondoo ni mnyama mkubwa na mpole. Anaweza kuwekewa vipimo kwenye mishipa yake, akaachwa apone, kisha akapimwa akiwa macho bila dawa ya usingizi, maana dawa hiyo hubadili kazi ya neva. Hutiwa bakteria aina ya E. coli kwenye damu, nao hupata sepsisi inayofanana na ya binadamu.

Mwaka 2006 walitoa habari iliyowashangaza madaktari. Tulikuwa tumefundishwa kwamba figo hufa katika sepsisi kwa kukosa damu. Katika kondoo hao, damu iliyofika kwenye figo iliongezeka zaidi ya maradufu. Hata hivyo figo zilishindwa kusafisha damu.

Mwaka 2009 walionyesha kwamba neva za moyo na neva za figo hazifuati mwendo mmoja wakati wa sepsisi. Mwaka 2014 wakachapisha kazi ya kondoo waliokatwa neva za figo zote mbili kabla ya kutiwa bakteria, ili ijulikane neva hizo zina sehemu gani katika ugonjwa.

Kisha mwaka 2016 likaja jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha somo hili. Walipima oksijeni katika sehemu mbalimbali za figo. Sehemu ya nje ilikuwa salama. Sehemu ya ndani ilikuwa imeishiwa oksijeni, na hali hiyo ilianza kabla vipimo vya kawaida vya damu havijaonyesha kasoro. Walipowapa noradrenalini, dawa tunayotumia kupandisha msukumo wa damu, msukumo ulipanda vizuri, lakini sehemu ya ndani ikazidi kukosa oksijeni.

Msomaji anayeishi kwenye nyumba za ghorofa ataelewa upesi. Bomba kuu la mtaa limejaa maji, mita inazunguka, lakini mpangaji wa ghorofa ya nne hana hata tone. Ukipima bomba la barabarani utasema hakuna shida.

Noradrenalini ndiyo kemikali ileile ambayo neva za figo hutoa. Ndiyo maana habari ya neva haikuwa upuuzi. Lakini kumbuka pia kwamba bila dawa hiyo mgonjwa wa mshtuko hufa. Hatuiachi; tunaitumia kwa uangalifu.

KWA NINI TUSIKIMBILIE?

Kwanza, kondoo hao walikatwa neva wakiwa wazima. Mgonjwa wetu huja akiwa tayari hoi. Hakuna anayejua leo kwamba atapata sepsisi mwezi ujao.

Pili, kupitisha mrija kwenye figo huhitaji kutia rangi maalum ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Rangi hiyo inaweza kuzielemea figo ambazo tayari zina taabu.

Tatu, historia ya sepsisi imejaa matumaini yaliyovunjika. Dawa iitwayo drotrekojini alfa iliidhinishwa mwaka 2001 na kuuzwa kwa bei kubwa. Mwaka 2011 iliondolewa sokoni baada ya utafiti mpya kuonyesha haipunguzi vifo. Kondoo wa Melbourne waliopewa vitamini C kwa wingi mno walipata nafuu kubwa. Lakini utafiti wa wagonjwa mahututi uliochapishwa mwaka 2022, ingawa kipimo chake kilikuwa kidogo kuliko cha kondoo, ulionyesha kwamba waliopewa vitamini hiyo walikuwa katika hali mbaya zaidi kuliko wasiopewa.

Mfano wa nne ni wa nyumbani. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Sisi sote tuliamini kwamba kuwamiminia maji mengi ya mshipani kwa haraka kungewaokoa. Kumbe kati ya waliopewa maji hayo, karibu 10.6 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, na kati ya wasiomiminiwa walikuwa 7.3. (Watoto wa kuharisha hawakuhusika, hao wanahitaji maji, usiwanyime.) Jambo lenye mantiki kabisa liligeuka kuwa na madhara, na tusingelijua kama lisingepimwa.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kuchoma neva za figo si tiba ya mshtuko wa sepsisi. Ni utafiti wa wanyama. Yeyote atakayekuuzia kama tiba, shikilia mfuko wako.

JIBU NILILOMPA MWALIMU

Nilimwambia hapana. Ndugu yake hakufa kwa sababu ya umbali wa Australia. Zile siku nne zilimpotezea nafasi. Mgonjwa akishafikia mshtuko, tunajitahidi kumpa antibiotiki ndani ya saa moja tangu tutambue, kwa maana kila saa ina bei yake. Na baadhi ya vidonge vya maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia kwenye figo wakati zinapoihitaji zaidi. Sikumwambia hayo ili kumlaumu. Nilimwambia kwa sababu ana mama mzee mwenye kisukari na watoto watatu nyumbani.

Mwenye maambukizo yoyote, hata kidonda kidogo, apelekwe hospitalini mara moja akionyesha lolote kati ya haya:

1. Kuchanganyikiwa, kuweweseka, au kusinzia isivyo kawaida.
2. Kuhema haraka au moyo kwenda mbio.
3. Mkojo kupungua sana au kukosekana mchana kutwa.
4. Homa kali na kutetemeka, au mwili kuwa baridi isivyo kawaida.
5. Ngozi kuwa baridi, yenye madoa au iliyobadilika rangi.
6. Mtoto mchanga kukataa kunyonya au kulegea.

Uwe mwepesi zaidi ikiwa mgonjwa ni mtoto mchanga, mzee, mama aliyejifungua karibuni, mwenye kisukari, au mwenye virusi vya ukimwi. Ukifika, uliza wazi: "Je, hii inaweza kuwa sepsisi?" Mtajie daktari dawa zote alizomeza, pamoja na za msukumo wa damu na za miti shamba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Neva za figo hutoa amri gani tatu?
2. Kwa nini figo ya kondoo ilishindwa kazi ingawa damu iliongezeka?
3. Nyumbani kwako ni nani aliye katika hatari zaidi, na usiku wa manane mtamfikisha hospitalini kwa njia gani?

Swali la tatu halina jibu katika makala hii. Lijibuni leo mkiwa mezani.

Mwalimu aliondoka bila kusema mengi. Juma lililofuata alirudi akiwa na mamake, ambaye alikuwa na lengelenge kwenye kidole cha mguu. Tulilisafisha na kulifunga, naye akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Wiki ijayo: jinsi mwenye kisukari anavyopaswa kuikagua miguu yake kila jioni.