MTOTO NA ACHEZE: SOMO KUHUSU MICHEZO KATIKA VITUO VYA KULELEA WATOTO

Mwaka huu nimechagua kuandika juu ya watu wadogo sana, wasioweza kulisoma jarida hili: watoto wa chini ya miaka sita wanaoshinda kutwa katika vituo vya kulelea watoto na shule za chekechea. Nataka tujifunze kwa nini watoto hawa wanahitaji michezo ya viungo, na jinsi ya kuwachezesha hata pasipo na uwanja wala pesa.

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii aghalabu tunaitumia tunapozungumzia adabu na masomo. Ni nadra kuisikia ikitumiwa juu ya miguu, mikono na mgongo wa mtoto. Hebu leo tuitumie huko.

Faida za mchezo

Mtoto hajui neno "mazoezi". Yeye hutambaa, husimama dede, hudemadema, kisha ghafla anakimbia na hakamatiki. Kila hatua hujengwa juu ya ile iliyotangulia. Mifupa hupata nguvu inapobebeshwa uzito wa mwili, na moyo na mapafu huimarika vinapofanyishwa kazi. Mtoto aliyecheza vizuri hula kwa hamu na hulala fofofo.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Misuli mikubwa ya mabega na mikono huusaidia mkono mdogo kutulia juu ya karatasi. Kwa hivyo mtoto anayening'inia, anayesukuma tairi na kurusha mpira anajiandaa kushika kalamu. Wale wanaosema "sikumleta acheze, nilimleta asome" wangefaa kujua kwamba mambo haya mawili hayagombani.

Isitoshe, mchezo wa nje humpa mtoto jua. Mwanga wa jua unapogusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo huusaidia kutumia madini ya kalisi kujenga mifupa. Mtoto anayefungiwa ndani kutwa, na chakula chake kikiwa duni, yumo katika hatari ya kupata matege. Katika mitaa yetu yenye nyumba zilizobanana, ambako jua haliingii hata dirishani, jambo hili si la mzaha.

Acheze kiasi gani?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Nimeufupisha hivi:

1. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja achezeshwe mara kadhaa kwa siku. Yule ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku.
2. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili, zikigawanywa kutwa nzima.
3. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate dakika 180 vilevile, na kati ya hizo 60 au zaidi ziwe za kukimbia na kuruka hadi ahemeke.
4. Asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni kitini, kigarini au mgongoni kwa leso.
5. Televisheni na simu: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele yake kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Labda utasema, jamani, dakika 180 ni saa tatu nzima! Nani ana muda huo? Nami nakuomba tufanye hesabu. Mtoto anayeachwa kituoni saa kumi na mbili u nusu asubuhi na kuchukuliwa saa kumi na mbili jioni hukaa huko saa kumi na moja u nusu. Akifika nyumbani giza limeingia. Anaoga, anakula, analala. Ikiwa hakucheza kituoni, basi siku hiyo hakucheza kabisa. Kwa mtoto kama huyu, mlezi wa kituoni ndiye anayeamua kama mwili wake utafanya kazi au la.

Niliyojifunza kwa shangazi

Likizo ya Aprili nilikaa kwa shangazi yangu, ambaye hulea watoto 12 nyumbani kwake. Mama zao wengi huuza mboga sokoni au hufua nguo za watu. Ana chumba kimoja, na nje kuna kiwanja kidogo anachotumia pamoja na wapangaji wengine, chenye kamba za kuanikia nguo. Zamani watoto walikuwa wakikaa mkekani mbele ya televisheni tangu asubuhi. Shangazi aliniambia wazi kwamba hakufanya hivyo kwa uvivu: "Mtoto akikwaruzika goti, mama yake ataniuliza nilikuwa wapi. Akitazama televisheni, hakuna anayeniuliza kitu."

Muuguzi mmoja wa zahanati alipomweleza juu ya matege na umuhimu wa jua, shangazi alianza kuwatoa nje. Wiki ya pili msichana wa miaka mitatu alianguka akachubuka goti. Jioni mama yake alifoka, "Nilimleta alindwe, si kurushwarushwa kama mpira! Na kwani msichana anapanda tairi kutafuta nini?" Shangazi alimjibu kwa upole, "Pole sana, mama. Goti nimelisafisha. Lakini miguu hii ikikaa mkekani miaka mitatu, mimi na wewe tutailipia baadaye." Maneno hayo hayakusaidia. Siku iliyofuata mtoto hakuletwa, na karo yake ikaenda naye. Kwa mtu anayetegemea karo za watoto 12, hilo ni pengo.

Hata hivyo hakurudi kwenye mkeka. Alibadilisha mipango. Kwanza, mzazi mpya huambiwa siku ya kwanza kwamba hapa watoto hucheza nje, na aliye tayari alete nguo za kuchafuka. Pili, alikubaliana na wapangaji: watoto wacheze saa mbili asubuhi kabla ya nguo kuanikwa, na saa kumi alasiri zikishaanuliwa. Tatu, kila mara hutoka sita tu na mlezi mmoja, huku wengine wakibaki ndani na msaidizi wake. Nne, kabla ya kutoka hufagia kiwanja na kuokota vigae na misumari. Nilipoondoka, yule mama alikuwa bado hajamrudisha binti yake. Jambo hili lilinisikitisha, kwani mtoto huyo ndiye aliyependa tairi kuliko wote. Akiwa na miaka mitatu tayari ameambiwa kukwea si kwa wasichana, ilhali nchi nzima humshangilia Faith Kipyegon, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2016, 2021 na 2024!

Michezo isiyogharimu pesa

Mpira wa matambara. Jaza matambara ndani ya soksi kuukuu, kisha ushone mdomo wake. Zamani tulitumia majuala, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Mpira wa matambara hauendi mbali wala hauvunji kioo.

Mwendo wa wanyama. Ruka kama chura, tembea kando kama kaa, nyoosha mgongo kama paka, tanua hatua kama twiga. Mchezo huu hufaa hata chumbani.

Njia ya vikwazo. Laza tairi, boksi na kamba chini. Mtoto apite juu, chini na kando. Asiyeweza kutembea apite kwa kutambaa au kusukumwa. Asiachwe pembeni kama mtazamaji.

Ngoma na kimya. Mlezi hupiga mkebe, watoto hucheza. Mkebe ukinyamaza, kila mtu huganda kama mlingoti. Ndio mchezo wa siku za mvua.

Tapo na brikicho. Hii tunaijua sote. Kwa wadogo, hakikisha pa kujificha ni salama.

Tahadhari

Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, manake mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji machache. Wape maji ya kunywa. Usiwapange wa kwanza hadi wa mwisho. Umri huu ni wa kufurahia. Tena usimnyime mtoto mchezo kama adhabu. Mtundu ndiye anayeuhitaji zaidi.

Tamati

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja mchezo kuwa haki ya mtoto katika kifungu cha 31. Nayo Katiba yetu ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hivyo tukidai kiwanja kidogo mtaani, hatuombi hisani.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuna wadogo zetu vituoni. Likizo ijayo, utakapotumwa kumchukua mtoto jioni, usiishie kuuliza "amekula?" Uliza pia, "Leo amecheza nini?" Na ukijibiwa kwamba hakuna nafasi, toa soksi yako kuukuu umshonee mlezi mpira.

Msamiati
Demadema: tembea kwa kuyumbayumba kama mtoto anayeanza kwenda.
Simama dede: simama kwa mara ya kwanza bila kushikwa.
Kifudifudi: kulala kwa tumbo, uso ukielekea chini.
Matege: miguu iliyopinda.
Anua: toa kilichoanikwa.

Maswali ya mjadala
1. Je, shangazi angefanya nini zaidi ili kumshawishi yule mama?
2. Taja michezo mitatu ya watoto kwenu, na ueleze kila mmoja unafaa umri gani.
3. "Mtoto wa kike hakwei." Jadili.