Kusawazisha Kifaa cha Kufuatilia Macho

Mtu asimamaye Sanya Juu asubuhi isiyo na mawingu huweza kuyaelekeza macho yake Kibo, kilele kilicho umbali wa zaidi ya kilomita 30. Iwapo mwelekeo wa macho hayo utapimwa kwa kosa la digrii 1 tu, kipimo kitaangukia zaidi ya nusu kilomita kando ya kilele. Katika kitabu kilicho sentimita 60 kutoka usoni, kosa hilohilo ni sentimita 1 na kidogo. Sentimita moja yaonekana kuwa ndogo, lakini yatosha kumhamisha msomaji kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Jambo hili lina uzito kwa kila atumiaye vifaa vya kufuatilia macho. Vifaa hivyo hutumiwa kuchunguza namna watoto wanavyojifunza kusoma, kupima mienendo ya macho ya wagonjwa, na kuwawezesha watu wasioweza kusema wala kusogeza mikono kuchagua herufi kwa kuzitazama. Kifaa kikikosea, mtoto aweza kudhaniwa kuwa hajui kusoma, ilhali kosa si lake.

Kifaa huona nini?

Kamera ya kifaa haioni mahali mtu anapotazama. Huona mambo mawili tu: kitovu cha mboni, na kimeto cha nuru inayoakisiwa na konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Nuru hiyo hutoka katika taa ndogo za mionzi ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Njia ya kutumia kimeto si ngeni: Raymond Dodge na Thomas Cline wa Marekani walichapisha mwaka 1901 matokeo ya kukipiga picha. Jicho ligeukapo, mboni husogea katika picha zaidi kuliko kimeto. Umbali na mwelekeo baina ya viwili hivyo ndio hugeuzwa kuwa mahali pa kutazama.

Hata hivyo, macho ya watu hayafanani. Konea moja huwa na mviringo mkali kuliko nyingine. Tena fovea, yaani sehemu ya retina yenye kuona vizuri kuliko zote, haikai sawasawa nyuma ya mboni. Kwa kawaida mstari wa kuona hupishana na mhimili wa jicho kwa digrii 5 hivi, na kiasi hicho hutofautiana baina ya mtu na mtu. Kwa hiyo vipimo vilivyosawazishwa kwa jicho la mwalimu haviwezi kutumiwa kwa mwanafunzi wake.

Namna ya kusawazisha

Na ichukuliwe mfano wa darasa katika shule ya Sanya Juu, ambamo mwanafunzi ameketi sentimita 60 mbele ya kioo cha kompyuta. Kwanza, aketi mahali pasipofikiwa na jua la dirishani, kwa kuwa mwanga wa jua una mionzi mingi ya infraredi na huweza kuzusha vimeto vya uongo. Pili, mwanga wa chumba ubaki uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Mboni inaposinyaa au kutanuka, kitovu chake huhama kidogo hata kama jicho halikugeuka. Tatu, aonyeshwe alama 9, moja baada ya nyingine, zilizopangwa tatu tatu katika mistari mitatu, naye atulize macho juu ya kila moja.

Mlinganyo utumiwao mara nyingi una namba 6 za kutafutwa kwa upande wa kulia na kushoto, na nyingine 6 kwa upande wa juu na chini. Alama 6 zilizopangwa vizuri zingetosha kuzipata. Lakini hapo mlinganyo ungepita katika kila alama, hata ile ambayo mwanafunzi alitazama kando, na kosa lisingeonekana. Alama 3 za ziada ndizo hulifichua.

Kuhakiki

Kusawazisha bila kuhakiki ni nusu ya kazi. Mwanafunzi aonyeshwe alama nyingine, ambazo hazikutumiwa hapo awali. Tuseme kifaa kimeonyesha sentimita 0.8 kulia na sentimita 0.6 juu ya alama. Kwa kanuni ya Pythagoras:

0.8 × 0.8 + 0.6 × 0.6 = 0.64 + 0.36 = 1

Kosa ni sentimita 1, sawa na digrii 0.95 hivi. Ikiwa mistari ya maandishi imeachana kwa sentimita 1, kosa la sentimita 0.6 kwenda juu limezidi nusu ya nafasi hiyo. Mtoto asomaye mstari wa tano ataandikwa kuwa yuko mstari wa nne, na mtafiti asiyehakiki atasema kwamba hurudiarudia mistari.

Wala isidhaniwe kwamba vipimo vinavyokaribiana ni sahihi. Mzani unaozidisha nusu kilo kila mara hautikisiki, lakini hudanganya. Kosa likiwa kubwa, kazi ya kusawazisha irudiwe, au mistari iachanishwe zaidi. Na kiasi cha kosa kiandikwe daima pamoja na matokeo.

Zoezi

Kwa umbali uleule, kifaa kimeonyesha sentimita 0.3 kushoto na sentimita 0.4 chini ya alama. Je, mstari utatambuliwa sawasawa? (Jibu: Ndiyo. Kosa lote ni sentimita 0.5, na lile la kwenda chini halikufikia nusu ya nafasi ya mistari.)