PICHA NI SHAHIDI WA ARDHI

Jicho la mwanadamu huizoea upesi hali lionayo kila siku. Mti mmoja ukikatwa kando ya njia leo, na mwingine mwezi ujao, mpita njia hasikii msiba wowote. Baada ya miaka kumi, akiulizwa msitu ulikuwa wapi, huenda asiweze kuonyesha kwa kidole. Picha haisahau namna hiyo. Kwa sababu hii yafaa tujifunze jinsi inavyoshuhudia uzuri wa dunia na uharibifu wake pia.

Dunia ionekanavyo kutoka mbali

Tarehe 7 Desemba, 1972, wanaanga wa Apollo 17, wakiwa njiani kwenda mwezini, waliipiga picha dunia kutoka umbali wa kilometa 29,000 hivi. Afrika inaonekana wazi, pamoja na Bara Arabu na barafu ya ncha ya kusini, vyote katika tufe moja lililozungukwa na giza. Wengi walioitazama picha hiyo walitambua kwamba nyumba yetu ni hiyo moja tu. Lakini kutoka umbali ule haionekani shoka wala kisiki. Anayetaka kuliona jeraha hana budi kusogea karibu.

Yaliyotokea Ngara

Msomaji aliyeko Runazi, au popote katika Biharamulo na Ngara, hahitaji kusafiri mbali kutafuta mfano. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Maporomoko ya Rusumo ni mahali ambapo mtu husimama akamsifu Muumba; mwaka ule maji yale yale ya Kagera yalichukua maiti za waliouawa mpaka Ziwa Viktoria.

Watu hao walihitaji kupika. Tuseme kila mmoja alitumia kilo moja tu ya kuni kwa siku: hizo ni tani 250 kila siku. Basi si ajabu kwamba vilima vilivyoizunguka kambi ya Benaco vilivuliwa miti yake. Lawama isiwaendee wenye njaa, maana mama mwenye mtoto anayelia hana nafasi ya kuchagua. Hata hivyo, kisiki hakijui sababu ya shoka. Wakimbizi walio wengi walirudi kwao Desemba, 1996, lakini miti haikurudi pamoja na amani.

Shahidi aliyegeuka mpanzi

Miongoni mwa waliopiga picha Benaco mwaka 1994 alikuwa Sebastião Salgado wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1944. Alisomea uchumi, kisha mwaka 1973 akaiacha kazi hiyo na kushika kamera. Picha zake, nyeusi na nyeupe, ziliuonyesha ulimwengu wingi wa watu wale na dhiki yao. Lakini mauaji aliyoyashuhudia Rwanda yalimvunja moyo hata akakata tamaa juu ya wanadamu.

Alirudi katika shamba la wazazi wake huko Aimorés, akakuta msitu umetoweka na chemchemi zimekauka. Mkewe, Lélia, akatoa shauri kwamba waupande msitu upya. Mwaka 1998 walianzisha Instituto Terra, na tangu hapo imepandwa miti zaidi ya milioni mbili. Maji yakarudi, na ndege pia. Baada ya kuyaona hayo, Salgado alianza mwaka 2004 kuzipiga picha sehemu za dunia ambazo hazijaharibiwa. Kazi hiyo, iitwayo Genesis, ilionyeshwa mwaka 2013. Alifariki Mei, 2025.

Hapa pana fundisho kubwa. Picha ya uharibifu peke yake huweza kuzaa kukata tamaa, na picha ya uzuri peke yake huweza kutudanganya kwamba yote ni salama. Zikiwekwa pamoja, moja hutuambia tulichopoteza, na nyingine hutuambia kinachostahili kulindwa.

Tufanye nini?

Leo simu ya mkononi ina kamera, na kijana yeyote aweza kuwa shahidi. Kwanza, asimame mahali pale pale, mwezi ule ule wa kila mwaka, akielekea upande ule ule. Ndivyo zifanyavyo setilaiti za Landsat, ambazo tangu mwaka 1972 zimekuwa zikirudia kuipiga picha ardhi ile ile. Pili, aandike tarehe na jina la mahali, kwani picha isiyo na tarehe ni shahidi asiye na kumbukumbu. Tatu, asimpige mtu picha bila idhini yake, hasa aliye katika dhiki. Nne, aipeleke picha kwenye mkutano wa kijiji, ili wazee waseme chemchemi ilikuwa wapi, na vijana wajue pa kupanda.

Kurani Tukufu humwita mwanadamu mara nyingi atazame mbingu, milima na mimea. Kutazama huko si kwa kustaajabu tu, kwa sababu ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Aliyeona kilima kikivuliwa miti yake, akakipiga picha na kwenda zake, ametimiza nusu ya ushahidi. Nusu iliyobaki imo katika jembe na mche.