Mwamba kama Matini: Usomaji wa Visima vya Jotoardhi vya Olkaria

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mtafiti wa jotoardhi, dalili ya joto lililojificha ardhini ni mwamba uliobadilika. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mabadiliko hayo yanavyosomwa katika visima vya Olkaria, karibu na Naivasha, na kwa nini usomaji huo wahitaji tahadhari.

Usuli

Visima viwili vya kwanza vya utafiti vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, lakini havikutoa mvuke wa kutegemewa. Uchimbaji ulianza upya katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mnamo 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme.

Jinsi mwamba unavyobadilika

Chini ya Olkaria mna tabaka za miamba ya volkano: rioliti, trakaiti, basalti na tufu, yaani majivu ya volkano yaliyogandamana. Maji ya mvua hupenya nyufa, yakapashwa moto na miamba ya chini, kisha yakapanda tena yakiwa yamebeba chumvi na gesi. Maji hayo huyayusha madini ya awali na kuacha mengine mahali pake.

Kila aina ya madini mapya huzaliwa katika kiwango chake cha joto. Smektaiti, ambayo ni udongo laini, hupatikana penye joto lisilozidi takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Kloraiti hutawala kuanzia takriban nyuzi 230. Epidoti, yenye rangi ya kijani inayoelekea manjano, hudhihirika karibu na nyuzi 250, na aktinoliti karibu na 300. Ndiyo sababu vipande vya mwamba vinavyoletwa juu na majimaji ya uchimbaji hukusanywa, aghalabu kila baada ya mita 2, vikaoshwa na kuchunguzwa kwa hadubini. Matokeo yake husaidia kuamua bomba la chuma la kuzuia maji baridi ya juu likomee wapi.

Kumbukumbu ya jiwe

Hata hivyo, mwamba ukishabadilika haurudi upesi katika hali yake ya kwanza. Huenda basi epidoti ikapatikana mahali ambapo kipimajoto chasoma nyuzi 150 tu. Joto limeondoka, jiwe limebaki likilishuhudia. Hapo dalili si mawingu tena, bali ni tope la mvua iliyokwisha kunyesha.

Kwa hivyo mjiolojia hulinganisha mambo mawili. Madini na kipimajoto vikiafikiana, hali ya sasa ya joto inalingana na ile iliyoyaunda madini hayo. Kipimo kikiwa chini ya ushahidi wa madini, sehemu hiyo imepoa. Kikiwa juu, yamkini joto limeongezeka karibuni na madini hayajawahi kufuata.

Hitimisho

Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola. Anayetegemea epidoti peke yake aweza kupendekeza kisima kinachofuata kichimbwe mahali palipokwisha kupoa. Kama ilivyo katika uhakiki wa fasihi, kuelewa maneno ya matini hakutoshi. Sharti msomaji ajue pia yalisemwa wakati gani.