Dondoo muhimu: Dodoma hadi Kolo kwa baiskeli

Nenda kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Dodoma hadi Kondoa ni lami tupu, zaidi ya kilomita 150. Igawe siku mbili, ulale Chemba. Ondoka saa 12 asubuhi, maana jua likishapanda upepo hushika kasi, na basi likikupita utayumba. Ukisikia honi nyuma, shuka pembeni. Usibishane na basi.

Adui mkubwa, kuliko hata jua, ni mbigili. Kila ukirudi barabarani kutoka pembeni, simama, zungusha tairi taratibu, ng'oa miiba kabla haijazama hadi kwenye tyubu. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Mafundi baiskeli wapo vijijini, ila usitegemee wawe na tairi nyembamba za baiskeli ya mbio.

Maji lita tatu, ujaze kila upatapo.

Kolo iko mbele ya Kondoa. Lipa kiingilio, uchukue mwongozaji. Michoro ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006, iko mlimani na njia ni mawe matupu. Baiskeli iache chini. Michoro usiiguse, wala usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha.