Kiwanja cha Mirathi na Karakana za Kukodisha

Twaulizwa mara kwa mara na ndugu zetu wa mjini: mzee amefariki, ameacha kiwanja kando ya barabara, warithi ni wengi, wala hakuna mmoja awezaye kuwanunua wenziwe. Jee, si bora kuuza tukagawana?

Kuuza ni halali, wala hatumlaumu mwenye dhiki. Lakini ni viwanja vingapi vya wazee wetu vilivyouzwa, fedha zikaishia katika harusi mbili tatu, na leo wajukuu wanakodi chumba cha karakana pale pale babu yao alipokuwa akifunga mbuzi wake!

Ipo njia nyingine. Hujengwa banda moja imara, likakatwa kwa kuta vyumba sita au kumi, kila kimoja na mlango mpana wa kuingiza gari na mita yake ya stima. Akakodishwa seremala, fundi wa kuchomelea vyuma, mpiga chapa, mwenye kuweka shehena. Jambo hili si geni. Shirika la serikali liitwalo Kenya Industrial Estates lilianzishwa mwaka 1967, likajenga mabanda ya namna hii kwa wenye viwanda vidogo vidogo. Aliyekodisha bohari zima kwa tajiri mmoja, siku tajiri yule akihama hapati hata senti. Mwenye wapangaji kumi sawasawa, akihama mmoja, amepungukiwa na fungu moja katika kumi. Kweli, taabu yake ni kubwa zaidi: kodi kumi za kudai na mapaa kumi ya kutazama. Basi na awepo msimamizi, na ujira wake ujulikane tangu mwanzo.

Penye kuharibika mipango hii ni katika hesabu ya mafungu. Tuchukue mfano. Mzee ameacha wana wawili wa kiume na wawili wa kike, basi. Kiwanja ni mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Thamani yake ni shilingi milioni 3. Ndugu mmoja, kwa ridhaa ya wenziwe, atoa milioni 3 zake akajenga. Mali sasa ni milioni 6, na yeye ana 4: tatu za jengo na moja ya ardhi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, faida na hasara hufuata rasilmali. Ikibaki kodi ya shilingi 60,000 baada ya gharama, yeye apata 40,000, nduguye 10,000, na kila dada 5,000.

Hizo 5,000 za dada ndizo zinazoliwa! Huambiwa, "Wewe una mumeo." Twasema waziwazi kuwa hiyo ni dhulma, hata kama dada amenyamaza kwa haya. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Kurani; itakuwaje mali ya ndugu iachwe kwa maneno ya barazani? Yaandikwe mafungu, mbele ya mashahidi, kabla ya tofali la kwanza. Na mshirika akitaka kuuza fungu lake ambalo halijagawanywa mipaka, wenziwe wana haki ya shufaa, nayo ni kulitwaa kwa bei ile ile aliyouziwa mgeni.

Asiye na fedha za kujengea asikimbilie riba. Tangu mwaka 2008 zimekuwapo Kenya benki zifuatazo sharia, na mojawapo ya njia zao ni ushirika unaopungua: benki huwa mshirika, na mteja hununua fungu lake kidogo kidogo. Na ausome mkataba wote. Jina la Kiarabu peke yake halihalalishi kitu.

Ama mwenye nyumba juu ya ardhi ya mtu, kama ilivyo mitaa mingi ya Mombasa, asijenge karakana bila mkataba wa muda mrefu ulioandikwa.

Katika ijara, muda na kiasi sharti vijulikane. Paa likivuja kwa uchakavu ni juu ya mwenye banda; mpangaji akivunja mlango kwa uzembe ni juu yake. Wala chumba hakikodishwi kwa kuweka ulevi, hata akitoa kodi maradufu.

Zaka haitolewi katika thamani ya banda. Hutolewa katika kodi iliyobaki mkononi, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.